Kanuni Zinazoendesha Kivungulio: Dhana na Ukweli

Dhana: mfumo wa kompyuta unaoendesha kivungulio (nyumba ya plastiki au kioo ya kukuzia mimea) hufuata kipimo kimoja tu, joto likipanda, feni inawaka.

Hicho ni kidhibiti joto cha kawaida. Watafiti wa kompyuta Bill Schilit na Marvin Theimer, walipoeleza kompyuta inayotambua muktadha mwaka 1994, walitaja mahali, watu na vitu vilivyo karibu, na mabadiliko yake. Katika shamba la waridi Naivasha, kanuni ya namna hiyo husema: kama kivungulio kimepulizwa dawa, na muda wa kusubiri kabla ya watu kuingia haujaisha, na mtu anakaribia mlango, king'ora kilie. Hatari haionekani mpaka hayo matatu yakutane. Kanuni hiyo iwekwe kabla ya kanuni yoyote ya feni, kwa sababu inalinda afya ya mchumaji.

Dhana: kanuni zikizidi, mfumo unaerevuka.

Tuseme kanuni moja inafungua madirisha ya paa unyevu ukipita asilimia 85, ili ukungu uitwao botritisi usiozeshe petali. Nyingine inayafunga joto likishuka chini ya nyuzi 12. Saa kumi alfajiri, Naivasha ikiwa baridi na umande umetanda, zote mbili zinatimia. Itiiwe ipi? Bila jibu lililoandikwa mapema, mota itafungua na kufunga hadi iungue. Kuna njia za kuamua: kuipa kanuni moja kipaumbele, au kuruhusu yenye masharti mengi zaidi ishinde. Pia inafaa kuacha pengo: madirisha yafungwe kwa nyuzi 12, lakini yasifunguliwe tena mpaka 14. Anayeongeza kanuni ya hamsini bila kuzipitia zile 49 anapanda ugomvi.

Dhana: vihisi, yaani vifaa vya kupimia joto na unyevu, havidanganyi. Kihisi kilichoachwa juani hupima jua, si hewa, na kanuni itakitii vilevile. Andika kanuni ya kukishuku pia.

Dhana: kanuni zimepitwa na wakati, sasa ni mashine zinazojifunza.

MYCIN, mfumo wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford wa miaka ya 1970 kuhusu maambukizi ya bakteria, ulitumia mamia ya kanuni na uliweza kumweleza daktari kwa nini unauliza swali fulani. Uwezo huo bado ni adimu. Siku hizi kanuni na mashine zinazojifunza hushirikiana: kamera iliyofunzwa inatambua jani lenye ugonjwa, kanuni inaamua la kufanya. Muuzaji wa mfumo akija shambani, mwambie akuonyeshe ni kanuni ipi iliyofungua dirisha usiku, na kwa vipimo gani.