Maandishi hayakati waya

"Fundi, hii orijino, soma hapa, imeandikwa Chrome Vanadium." Sentensi hii nimeisikia kwa vijana wanaojifunza kazi ya elektroniki, kwa wauzaji wa Kariakoo, hata kwa mafundi wenzangu wa siku nyingi ambao hawakupaswa kuisema. Wiki hii imesemwa tena, juu ya plaizi ya kukatia ambayo makali yake hata hayakutani. Sasa naandika.

Chrome Vanadium ni aina ya chuma: kaboni ya wastani, kromiamu karibu asilimia 1, vanadiamu kidogo sana. Ni chuma kizuri, spana nyingi zinatengenezwa kwacho. Lakini hiyo ni malighafi tu. Makali yanatokana na jinsi chuma hicho kilivyopashwa moto hadi kuiva, kikazimwa, yaani kikapozwa ghafla, aghalabu kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa joto dogo. Kisipozimwa vizuri kinabaki laini, na makali yanakunjika mara tu yakikutana na waya mgumu. Kikizimwa bila kupashwa tena kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, ncha inamegeka. Viwanda viwili vinaweza kununua chuma kilekile, kimoja kikatoa kifaa cha kukaa nacho miaka, kingine kikatoa takataka, na vyote vikagonga maandishi yaleyale bila kudanganya. Hapo ni pale maandishi yanapokuwa ya kweli! Kugonga herufi ni rahisi mno kuliko kuzima chuma vizuri. Mng'ao nao ni ganda la kromu au nikeli: linazuia kutu, basi. Uzito hausemi lolote.

Kwa hiyo acha kusoma, tazama. Ifunge plaizi taratibu bila kuibana, uiinue kwenye mwanga. Ncha lazima ziguse. Upenyo mwembamba karibu na kiungo, unaopotea ukibana kidogo tu, haunisumbui. Mwanga ukipita kwenye ncha, rudisha. Tikisa mipini kulia na kushoto, kiungo kisicheze. Halafu toa mfukoni kipande cha waya laini wa nyuzinyuzi, chomoa uzi mmoja wa shaba, ukate kwa ncha kabisa. Ukikatika, endelea. Ukikunjwa na kubanwa katikati ya makali, umeshapata jibu lako, hata kama mpini umeandikwa "Germany".

Sasa linaloniudhi zaidi. Watu wananunua plaizi ndogo zenye makali bapa, zile za kukata mguu wa kipuri (waya wake wa kuunganishia) hadi usawa wa bodi ya saketi, kisha wanakatia msumari mwembamba au waya wa chuma, makali yakipata pengo wanalaumu Uchina. Hizi zimetengenezwa kwa shaba laini. Plaizi ya aina hiyo, Hakko CHP-170, ambayo ni ya bei nafuu na ni nzuri kweli, inaishia kwenye waya laini wa shaba wa milimita 1.3 hivi. Ubapa wa makali ndio unaokata safi, na ndio unaoyafanya yawe membamba na dhaifu. Huwezi kupata vyote viwili.

Ila hapa vitabu vinanyamaza. Chukua smaku uisogeze kwenye miguu ya vipuri kama rezista na dayodi za bei rahisi: nyingi zinavutwa. Miguu hiyo ni chuma kilichopakwa shaba na bati juu. Kwa hiyo fundi mwangalifu, asiyekata chochote ila miguu ya vipuri, anaweza kuharibu makali bapa bila kosa lolote. Mimi miguu inayovutwa na smaku naikata kwa plaizi nyingine yenye makali manene, na nakubali kibaki kisiki kidogo juu ya bodi.

Kibano kina jaribio lake. Kifunge hadi ncha zikutane, kisha bana zaidi: zikipishana au zikianza kuachama, hutashika kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme) ya milimita 1 kwa 0.5, itaruka na hutaiona tena. Smaku tena: kibano kinachovutwa kwa nguvu kitang'ang'ania vipuri. Kikivutwa kidogo sana usikihukumu, kwa sababu hata chuma kisichoshika kutu, kikishakunjwa kiwandani, hupata usumaku kidogo.

Bisibisi, kwa haraka: nenda na skrubu halisi ya simu unayoifungua, uichomeke. Ikicheza, hata ncha iwe ngumu vipi, itakula kichwa cha skrubu.

Na mpini wa mpira si kinga ya umeme. Vifaa vilivyopimwa kwa kazi hiyo, kwa kiwango cha IEC 60900, vina alama ya pembetatu mbili na 1000 V, na alama hiyo nayo inaigwa. Chomoa umeme, kisha pima kapasita kubwa ya pawa saplai kwa mita kabla ya kugusa. Kwenye umeme wetu wa volti 230 inaweza kuwa na zaidi ya volti 320.

Udhaifu wa majaribio yangu ya plaizi nausema wazi: yanapima umbo tu. Ugumu wa chuma ungeupima kwa tupa, ambayo huteleza juu ya makali yaliyozimwa vizuri na kung'ata yaliyo laini, lakini hakuna muuzaji atakayekuruhusu. Ustahimilivu utaujua kazini, ukishalipa. Ndiyo maana sichukui kifaa cha kwanza ninachopewa. Vya boksi moja hutofautiana sana, hasa vya bei ndogo, kwa hiyo naomba boksi zima limwagwe mezani, napima kimoja kimoja kwa mwanga na kwa uzi wa shaba. Muuzaji akikataa, naenda duka linalofuata.