Nyika ya Colorado ina wenyewe: uzio, maji na chapa kwa wanaohamia kando ya ranchi

Tangu theluji iyeyuke, ofisi yetu ya ugani katika kaunti hii ya mashariki mwa Colorado imepokea malalamiko mengi kutoka kwa familia zinazozungumza Kiswahili. Mengi yanafanana. Mtu amefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha nyama, ameweka akiba, amenunua kipande cha ardhi nje ya mji, amepanda mahindi, maharage na lengalenga. Asubuhi moja anakuta ng'ombe wa jirani wamemaliza kila kitu. Anafika ofisini na picha kwenye simu, anauliza atalipwa lini.

Jibu langu huwa halimfurahishi. Kwa sheria ya uzio ya Colorado, asiyetaka ng'ombe wa watu waingie kwake ndiye anayejenga uzio wa kuwazuia. Bila uzio unaokubalika kisheria, kudai fidia ya shamba lililoliwa ni vigumu mno. Uzio huo nao umeelezwa: nyuzi 3 za seng'enge ya miiba, nguzo imara zilizoachana takriban futi 20, yaani kama mita 6, uwezo wa kuzuia ng'ombe na farasi wa kawaida, na geti lenye nguvu sawa na uzio wenyewe. Kamba ya nailoni na matawi haihesabiki. Pale uzio unapotenganisha mashamba mawili ya kilimo au malisho, gharama hugawanywa nusu kwa nusu, lakini mwandikie jirani barua kabla hujaanza kujenga, na nakala ubaki nayo. Wengi hujenga kwanza, kisha wanatuletea risiti.

Mfugaji aliyeingiza mifugo kwa makusudi kwenye ardhi ya mtu ana kesi nyingine, na ndani ya mipaka ya miji kuna kanuni tofauti. Maelezo haya ni ya elimu tu. Ushauri juu ya kesi yako utaupata kwa wakili.

Chanzo cha malalamiko haya, nionavyo, ni dhana moja ambayo nimeichoka: kwamba nyika hii haina mwenyewe. Unaendesha gari nusu saa hukuti nyumba wala mtu, basi unahitimisha kuwa ni mahali pa wote, unaweza kuegesha, kuwasha moto wa nyama choma au kufunga mbuzi wale majani. Si kweli. Sehemu kubwa ya tambarare hizi ni mali ya watu binafsi. Ardhi ya amana ya jimbo, yaani ile inayoshikiliwa na serikali ya jimbo, imefungwa kwa umma isipokuwa pale iliporuhusiwa rasmi. Hata Pawnee National Grassland, nyika ya serikali kuu ambako mnaruhusiwa kutembea, ina wafugaji wenye vibali vya kulisha humo, na imechanganyika na viwanja vya watu kama miraba ya bao la drafti. Ardhi hiyo serikali iliinunua baada ya ukame na vumbi vya miaka ya 1930, wakulima walipoishiwa na kuondoka. Kila kipande mnachokiona kitupu kina mtu anayekijua kwa kila kijito na kila nguzo.

Majira ya baridi yaliyopita nilizunguka nikiketi jikoni kwa wafugaji wa hapa, tukizungumza juu ya majirani wapya. Nilitarajia kusikia chuki. Nilichokisikia zaidi ni upweke. Mama mmoja mwenye umri wa bibi yangu alinihesabia kwa vidole nyumba zilizokuwa na watoto barabarani kwake alipoolewa, kisha akahesabu zilizobaki. Mkono mmoja ulitosha. Watoto wake wako Denver na hawarudi. Mzee mwingine anauza ardhi kidogo kidogo alipe madeni. Sensa ya kilimo ya 2022 ilionyesha wastani wa umri wa wazalishaji Marekani ni miaka 58.1. Ng'ombe wa nchi nzima, waliohesabiwa Januari 2025, walikuwa milioni 86.7, wakati huo idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Bei ni nzuri kwa aliyebaki na ng'ombe wa kuuza, lakini ukame uliwalazimisha wengi kuuza hata mitamba waliyotegemea izae.

Ndiyo maana vipande mnavyonunua vipo sokoni. Na ndiyo maana vingi vina ekari 35. Sheria ya Colorado ya 1972 iliacha viwanja vya ekari 35 na kuendelea nje ya udhibiti wa kaunti wa kugawanya ardhi, kwa hiyo mwenye ranchi anayetaka kuuza huikata kwa kipimo hicho. Ekari 35 zinasikika nyingi kwa mtu aliyelima robo ekari kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Lakini mvua hapa ni kati ya milimita 300 na 450 kwa mwaka, na kwa majani mafupi ya nyika yetu ekari 35 mara nyingi zinamtosha ng'ombe mmoja na ndama wake kwa mwaka. Mmoja! Nimeona watu wakiweka kumi. Mwaka wa pili ardhi ni vumbi, na vumbi hilo linahamia kwa jirani.

Maji yanachanganya zaidi. Hapa haki ya maji ni ya aliyeanza kuyatumia kwanza. Kupita mtaro kwenye ardhi yako hakukupi hata ndoo moja ya kumwagilia. Kisima kinahitaji kibali cha mamlaka ya maji ya jimbo kabla ya kuchimba. Kwenye ekari 35 au zaidi, kibali cha kawaida cha nyumbani kinaweza kukuruhusu kunywesha wanyama wako na kumwagilia hadi ekari moja. Chini ya hapo, mara nyingi ni matumizi ya ndani ya nyumba peke yake, kwa hiyo soma kibali kabla ya kulipia kiwanja. Maji ya mvua kutoka paani yameruhusiwa tangu 2016: mapipa yasiyozidi 2, jumla galoni 110, kwa matumizi ya nje kwenye kiwanja hichohicho.

Kuhusu mbwa nitasema kwa ufupi kwa sababu inaniuma. Sheria inaruhusu mbwa anayefukuza au kujeruhi mifugo kuuawa, na mwenye mbwa analipa hasara. Mfungeni.

Sasa ununuzi wa ng'ombe. Wengi wenu mmekulia na ng'ombe huko Kivu Kusini na mnawajua kuliko mimi, ila hapa kujua ng'ombe hakutoshi. Mnyama akibadilisha mmiliki, hata kama ni umbali wa shamba moja hadi la pili, lazima akaguliwe na mkaguzi wa jimbo wa chapa, yaani alama ya mmiliki iliyochomwa kwenye ngozi ya mnyama. Vivyo hivyo akisafirishwa zaidi ya maili 75 ndani ya jimbo, akitoka nje ya jimbo, au akipelekwa machinjioni. Mkaguzi husoma chapa na mahali ilipo, paja, ubavu au bega, kulia au kushoto, huandika rangi na jinsia, hutoza ada, hutoa cheti. Risiti ya muuzaji pekee haichukui nafasi ya cheti hicho. Ukisimamishwa barabarani bila uthibitisho, mnyama anaweza kuzuiliwa, na akiuzwa mnadani fedha zinaweza kushikiliwa mpaka umiliki ujulikane.

Kumchinja mnyama wako nyumbani kwa ajili ya familia na wageni usiowatoza fedha kunaruhusiwa. Kupima kilo na kuuza baada ya ibada ni jambo jingine, hapo nyama lazima iwe imekaguliwa. Wanaotaka kuchangiana ng'ombe mmoja kwa hisa wana kanuni zao tangu 2021, na majina ya wachangiaji yaandikwe kabla hajachinjwa. Njooni ofisini tuzipitie pamoja, hakuna malipo.

Wanaopanga ng'ombe wa Krismasi wampigie simu mkaguzi wa chapa mapema Desemba. Eneo lake ni kubwa, na theluji ikifunga barabara hatafika.