Hitilafu ya kibodi inayotokana na programu: maana yake na namna ya kuitambua

Hitilafu ya kibodi inayotokana na programu ni hali ambayo vitufe vya kompyuta mpakato ni vizima, lakini kinachotokea kwenye skrini sicho alichokusudia mwandishi, kwa sababu mojawapo ya programu zilizo kati ya kitufe na skrini imekwama, imepangwa vibaya, au inatekeleza amri ambayo mtumiaji aliitoa bila kujua. Sababu hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Baadhi ya kibodi zinazopelekwa kwa fundi kutoka ofisini hazina ubovu wowote. Zimebadilishiwa tu utaratibu wa kufanya kazi, na hata zikifunguliwa na kusafishwa, tatizo litabaki pale pale.

Ili kuelewa jambo hili, ni lazima kwanza ifahamike kwamba kitufe hakitumi herufi. Kinapobonyezwa, hutuma namba inayotambulisha kitufe hicho, bila kujali kimechorwa alama gani juu yake. Namba hiyo hupokelewa na kiendeshi, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo wa uendeshaji kuwasiliana na kifaa, kisha mfumo huilinganisha na jedwali linaloitwa mpangilio wa kibodi, na hapo ndipo herufi inapopatikana na kukabidhiwa programu inayotumika wakati huo. Kila hatua katika safari hiyo inaweza kuwa chanzo cha hitilafu, na kazi ya utatuzi ni kutafuta hatua iliyokosea.

Mpangilio wa kibodi ndio chanzo cha kwanza cha kuchunguzwa pale vitufe vinapoitikia lakini vinatoa alama zisizo zake. Katika mpangilio wa Marekani, Shift pamoja na 2 hutoa alama ya @, ilhali katika mpangilio wa Uingereza vitufe hivyo hivyo hutoa alama ya kunukuu, na @ huhamia upande wa kulia karibu na kitufe cha Enter. Mpangilio wa Kifaransa hubadilishana nafasi za A na Q, na za Z na W. Ule wa Kijerumani hubadilishana Y na Z. Kwenye Windows, mpangilio hubadilika kwa kubonyeza Alt na Shift ya kushoto kwa pamoja, au kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi, iwapo kompyuta ina mipangilio zaidi ya mmoja, na mtu anayeandika kwa haraka anaweza kuvibonyeza vitufe hivyo bila kukusudia. Madhara yake huonekana zaidi kwenye neno la siri, kwa kuwa herufi hufichwa, na mtumiaji huamini kwamba amelisahau hadi akaunti inapofungwa. Njia salama ya kujiridhisha ni kuandika alama inayotiliwa shaka, na si neno lote, katika sehemu ya jina la mtumiaji au mahali pengine panapoonekana, kisha kuifuta.

Kundi la pili ni huduma zilizowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu au mikono inayotetemeka. Huduma ya Filter Keys hupuuza mibonyezo mifupi au ya kujirudia, na njia yake ya mkato ni kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Huduma ya Sticky Keys hufanya Shift, Ctrl au Alt ibaki kana kwamba imeshikiliwa, nayo huitwa kwa kubonyeza Shift mara 5 mfululizo. Kwa anayezihitaji, huduma hizi ni za thamani kubwa. Kwa asiyejua kwamba ameziwasha, ya kwanza huonekana kama kibodi nzito isiyotaka kuandika, na ya pili kama kibodi inayofungua menyu badala ya kuandika herufi. Zote huzimwa katika mipangilio ya Windows, upande wa ufikivu, na ni busara kuzima pia njia zake za mkato pale ambapo hakuna anayezitumia.

Num Lock na Scroll Lock zina vituko vyao. Katika baadhi ya kompyuta mpakato ndogo, Num Lock ikiwa imewashwa, vitufe vya U, I na O hutoa 4, 5 na 6, na J, K na L hutoa 1, 2 na 3. Scroll Lock haionekani kuwa na kazi yoyote hadi mtu afungue Excel na kukuta vitufe vya mishale vinasogeza karatasi nzima badala ya kuhama kutoka seli moja hadi nyingine.

Sasa, mtu atajuaje kwamba tatizo liko kwenye programu na si kwenye kifaa chenyewe? Kipimo ninachokiamini kuliko vingine ni kuwasha kompyuta na kuingia katika mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, kabla Windows haijaanza, iwapo ofisi haijaifunga, bila kubadilisha chochote humo. Vitufe vinavyoruhusiwa kutumika hapo vikiitikia vizuri, lakini vikakataa ndani ya Windows, shaka huelekea kwenye programu. Kipimo kingine ni kuunganisha kibodi ya nje: nayo ikikosea kwa namna ile ile, si rahisi kifaa kilaumiwe. Na kama kibodi inafanya kazi kwenye skrini ya kuingilia lakini inaharibika baada ya kuingia, chunguza programu zinazojiwasha pamoja na akaunti hiyo. Kitufe kimoja kilichokufa peke yake mahali pote, kwa upande mwingine, kwa kawaida ni suala la kifaa.

Shaka ikibaki kwenye kiendeshi, anza kwa kuiwasha kompyuta upya kwa amri ya Restart. Tangu Windows 8, amri ya kuzima inaweza kuhifadhi hali ya kiini cha mfumo na kuirudisha kompyuta inapowashwa, endapo kipengele cha Fast Startup kinatumika. Hivyo kiendeshi kilichokwama huweza kurudi kikiwa kimekwama, na mtumiaji akaapa kwamba amekwisha kuzima na kuwasha. Restart hupakia kila kitu upya. Isipotosha, kiendeshi cha kibodi huondolewa kupitia Device Manager, yaani sehemu ya Windows inayoorodhesha vifaa na viendeshi vyake, na kompyuta kuwashwa tena, na Windows hukisakinisha yenyewe. Kwa kuwa kibodi inaweza kunyamaza katikati ya zoezi hilo, ni vyema kujua mapema kwamba kibodi ya kwenye skrini hufunguliwa kutoka alama ya ufikivu iliyo kwenye skrini ya kuingilia, na huandikwa kwa kutumia kipanya.

Katika kompyuta ya ofisi, hatua hii mara nyingi huhitaji ruhusa ya msimamizi, na hapo mtumiaji hana budi kuwaachia watu wa TEHAMA. Asijaribu kuzunguka kizuizi hicho kwa kupakua programu zinazoahidi kusasisha viendeshi vyote. Windows Update na tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta zinatosha. Anapotoa taarifa, aeleze ni vitufe vipi vinavyohusika, vinatoa nini badala ya kile kinachotakiwa, kama kibodi ya nje inafanya vivyo hivyo, na kama tatizo lipo katika programu zote au moja tu. Aseme pia kama alikuwa akifanya kazi ndani ya kompyuta nyingine kwa mbali, kwa sababu katika hali hiyo huenda mpangilio unaoamua herufi ni ule wa kompyuta ya mbali, na kurekebisha ule ulio mbele yake hakutabadilisha kitu.