Kauri yenye nyuzi ikivutwa: kushikana sana ndio tatizo

Watu wakisikia kompositi (kitu kilichoundwa kwa nyuzi ndani ya kitu kingine) wanadhani kazi ni kuhakikisha nyuzi zimeshikana na matriksi, yaani kile kinachozizunguka, kwa nguvu zote. Kwa plastiki sawa, ila kwa kauri na kioo ukishikanisha sana umeharibu kila kitu.

Kioo kitupu ukikivuta, ufa mmoja ukishaanza kukimbia hakuna wa kuuzuia, mhandisi Griffith alishalipigia hesabu hilo tangu 1921. Sasa weka ndani nyuzi za silikoni kabidi, unene kama mikroni 15 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), halafu vuta kufuata nyuzi. Grafu ya mzigo dhidi ya urefukaji inapanda imenyooka, matriksi inapasuka mapema tu, mara nyingi ikiwa imerefuka kama asilimia 0.1, lakini mzigo haudondoki maana nyuzi zimevuka ule ufa na zinaubeba, na kwa msuguano zinairudishia matriksi mzigo kidogo kidogo mpaka inapasuka tena pale mbele, tena na tena, hadi nyufa zimejaa kipande kizima. Aveston, Cooper na Kelly ndio waliotoa hesabu zake mwaka 1971. Baada ya hapo nyuzi zinabaki peke yao, na zile nzuri zinarefuka karibu asilimia 1 kabla ya kukatika. Kwa kauri hiyo ni nyingi mno!

Ila haya yote yanategemea ufa ukifika kwenye uzi ugeuke ufuate mpaka (pale uzi na matriksi vinapogusana), usiukate uzi. Watafiti He na Hutchinson walionyesha 1989 kwamba kama ukakamavu wa uzi na matriksi (jinsi vinavyokataa kurefuka) unafanana, nishati ya kubandua mpaka isizidi kama robo ya ile ya kuvunja uzi. Ndio maana tunapaka nyuzi kaboni au boroni naitraidi, tabaka jembamba sana, mara nyingi chini ya mikroni moja. (Kwenye baadhi ya kioo-kauri kaboni hiyo ilijitengeneza yenyewe wakati wa kukandamiza kwa joto, bahati nasibu kabisa.)

Kwenye hadubini utajua tu: nyuzi zimechomoka zimesimama kama brashi, mambo safi. Uso ukiwa bapa, mpaka ulikuwa umeganda. Na hata kilichoanza vizuri kinaharibika, oksijeni inaingia kwenye nyufa kukiwa na joto, inaunguza kaboni, silika (oksidi ya silikoni inayotoka kwenye nyuzi zenyewe) inajaza nafasi na kugandisha nyuzi.

Kwa hiyo mtu akinipa karatasi ya vipimo yenye nguvu ya mwisho tu (mkazo wa kuvunjika kabisa) simwelewi, nataka mkazo ambao matriksi inapata ufa wa kwanza, maana ukiuvuka huo kwenye joto lenye hewa tayari umeifungulia oksijeni mlango.