Kikao kisicho na mtoa mada ndicho cha kukaa

Kila ukikaribia mkutano wa programu za ramani, hunijia mtu na ratiba mkononi na swali lile lile: "Hapa pameandikwa kikao cha jumuiya tu, hapana jina la mtoa mada. Saa hii si tutoke tukatembee mjini?" Safari hii ni kijana mpimaji wa hapa Unguja, mwerevu, aliyehangaika mpaka akapata mdhamini wa tiketi. Kabla sijamjibu akaongeza: "Na cheti chake kipo?"

Kikao cha jumuiya ni saa ya watumiaji na waandishi wa programu kukaa chumba kimoja na kujadiliana matatizo yao. Cheti hakipo. Posho haipo. Chai yenyewe mara nyingi imeshaisha.

Kama lazima mtembee mjini, tembeeni wakati wa hotuba za ufunguzi. Hotuba nyingi za ukumbi mkuu hurekodiwa na kuwekwa mtandaoni, mtazitazama nyumbani mmejinyoosha. Kikao cha jumuiya kwa kawaida hakuna anayekirekodi. Kikikupita kimekupita.

Tuchukue FOSS4G, mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, uliofika Cape Town 2008 na Dar es Salaam Agosti 2018. Pale mtu yeyote anaweza kuomba chumba na saa, akaandika ubaoni "Droni na mipaka ya viwanja, saa nane mchana", na wenye haja wakaja. Huenda wakajaa mpaka mlangoni, huenda wakawa wanne. Wanne wanatosha.

Sasa tatizo lenyewe, ambalo kila mpimaji wa hapa analijua. Una kodineti za zamani za bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, za Arc 1960, datumu ya zamani ya huku kwetu (datumu ni msingi ambao kodineti hupimwa kutoka kwake). Una na picha ya droni, zile za mradi wa 2016 uliopiga Unguja na Pemba, kila pikseli chini ya sentimita 10 ardhini, nayo iko kwenye WGS 84, datumu ya GPS. Ukiziweka pamoja bila kubadilisha datumu, bikoni inahama zaidi ya mita 300. Hilo ni kosa zuri, maana linajionyesha: kiwanja cha mtu kimekaa baharini. Kosa baya ni lile dogo. Kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 hakuna njia moja. Orodha ya EPSG, daftari la kimataifa la mifumo ya kodineti, ina vigezo (namba za kubadilishia) vya wastani wa Kenya na Tanzania, ina vya Kenya peke yake, na ina vya Tanzania peke yake. QGIS, programu huria ya ramani, huweza kukufungulia kidirisha uchague, na watu wanabonyeza OK bila kusoma. Ramani inatoka nzuri, bikoni imehama mita chache. Mita chache Mji Mkongwe ni njia nzima pamoja na ukuta wa jirani.

Swali kama hilo utalipeleka wapi? Ukumbi mkuu mtoa mada ana slaidi zake, maswali mawili, muda umekwisha. Kikaoni unafungua laptopu, unaonyesha bikoni tano na jinsi kila chaguo linavyozipeleka. Wa Kenya anakwambia ofisini kwao wanatumia chaguo lipi na kwa nini. Anayeandika msimbo wa PROJ, programu inayobadilisha kodineti ndani ya QGIS, akiwepo, anakwambia jambo ambalo hukulitaka: vigezo vile havikukusudiwa usahihi wa sentimita, hata ukichagua kile cha Tanzania. Ukitaka mipaka ya viwanja, kapime alama zako za zamani upya kwa GNSS, yaani vipokezi vya satelaiti, utafute vigezo vya eneo lako. Umekwenda kuulizia kitufe, umerudi na kazi ya shambani. Hakuna hotuba itakayokwambia hivyo, kwa sababu anayehutubia hajaziona bikoni zako.

Haya, sasa linaloniudhi zaidi, na hapa si kwa wanaokwepa kikao bali kwa wanaokwenda. Anaingia mtu, anakaa, mkono juu: "Nyinyi hii hitilafu mtairekebisha lini?" Nyinyi nani? Aliyekaa kulia kwake ni mpimaji kama yeye. Aliyekaa kushoto ni mwalimu wa chuo. Yule mwenye fulana ya QGIS huenda anaandika msimbo usiku baada ya kazi, au analipwa na mteja mwengine kwa jambo jengine kabisa. Hapo si dirisha la huduma kwa wateja. Programu ni huria, umeipakua bila kulipa hata shilingi, basi unadhani na jasho la mtu nalo limo ndani ya upakuaji. Pesa inatoka mahali. Ule uboreshaji mkubwa wa mambo ya datumu uliokuja na PROJ 6, Machi 2019, nyuma yake palikuwa na mchango ulioitwa gdalbarn: mwaka 2018 makampuni na taasisi zinazotegemea programu hizi zilichangishana. Ofisi zetu zinazozitumia kila siku zinaweza kutoa data ya majaribio, saa za mfanyakazi mmoja, au tafsiri ya menyu. "Lini mtarekebisha" si mchango.

Wanaotumia programu za kulipia nao wasicheke. Kwenye mikutano ya makampuni pia vipo vikao vya watumiaji, mnasema mnayoyataka, pengine mnapiga kura, halafu kampuni inaamua yenyewe. Hapo dai huduma, ni haki yako, umelipa.

Na jengine. Wapo wanaosema kikao cha jumuiya ni kama baraza tu. Hapana. Barazani hakuna anayeandika. Kikaoni lisiloandikwa halikusemwa: mkikubaliana kwamba jambo ni hitilafu, kabla hamjanyanyuka lazima mmoja alifungulie tiketi, yaani ripoti ya hitilafu, hadharani, aeleze toleo la programu, alichofanya, alichotarajia na kilichotokea. Watu wanatikisa vichwa, "naam, naam, tutalifuatilia", wanapiga picha ya pamoja. Mwaka unapita, toleo jipya la QGIS linatoka kila miezi minne, hitilafu iko pale pale, na lawama kwa jumuiya.

Ninayo mashaka yangu pia. Kikao kisicho na mtoa mada kina mwenyewe hata hivyo: mwenye sauti kubwa na Kiingereza chepesi. Nimemwona mpimaji aliyepima nusu ya Pemba kwa miguu amekaa kimya saa nzima, huku kijana asiyewahi kushika bikoni akieleza mipaka inavyowekwa. Sina dawa ya hilo. Tukikaa wenyewe Chake Chake, kwa Kiswahili, mzee yule atasema mengi na ya maana, lakini anayeweza kuingia kwenye msimbo hatakuwepo, na tutabaki kukubaliana sisi kwa sisi. Bado sijui kipi bora. Nasikia hoja ya kuunganisha kwa video. Mwenye imani na intaneti ya mvua za masika na aijaribu.

Kwa hiyo, kijana wangu, nenda. Peleka faili dogo: bikoni tano, leya moja, usibebe gigabaiti zote za ofisi. Safu ya majina ya wenye viwanja ifute kabla hujapanda ndege, ile si mali yako kuionyesha. Kaa karibu na mwenye daftari, na kama hayupo, uwe wewe. Na nunua adapta Darajani kabisa, kwani plagi zetu za pini tatu huko unakokwenda haziingii ukutani, na chaji ya ile laptopu yako naijua.