Klabu za kujitolea kwa watoto: yanayosemwa na yaliyopo

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, na huu ni mwaka wa sita niko kwenye klabu ndogo ya kujitolea kwa ajili ya watoto. Tuko 23: walimu, mama lishe, muuguzi, dereva wa bodaboda, wenye maduka, mstaafu wa bandari. Kila mmoja anachanga shilingi 5,000 kwa mwezi na kutoa Jumamosi zake mbili. Wateja wakija kupima nguo huniuliza habari za klabu, na maneno hurudi yale yale. Mengine nimeyasikia hata kwa ndugu zangu wa tumbo moja. Nayaandika hapa kwa sababu baadhi yake yanawaumiza watoto wenyewe.

"Hao huonekana Desemba na Ramadhani tu"

Ni kweli kwamba siku hizo ndizo watu wengi wanatuona, maana kila mwenye gari huelekea vituo vya kulea watoto na mchele, mafuta na soda. Kituo kimoja ninachokijua stoo yake ilijaa magunia wiki ya Krismasi, kisha Machi wakawa wanakopa unga dukani. Shida ya mtoto haifuati sikukuu zetu.

Mfano ninaoupa uzito kuliko yote ni damu. Damu nzima ikishatolewa na kuwekwa kwenye jokofu hudumu siku 35 hivi. Zikipita, haifai tena kuongezewa mgonjwa. Kwa hiyo hata watu mia wakijitokeza tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, mwishoni mwa Julai hakuna tone lao lililobaki. Wanafunzi wa sekondari na vyuo ndio nguzo ya uchangiaji hapa kwetu, na shule zikifungwa Juni na Desemba akiba hushuka. Masika nayo huleta malaria, na malaria kali inaweza kuimaliza damu ya mtoto mdogo kwa siku chache. Halafu kuna watoto wenye selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao baadhi yao huhitaji kuongezewa damu mara kwa mara. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo. Kadirio linalotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 kila mwaka.

Muuguzi wetu ndiye aliyetupigia hesabu. Mtoto wa kilo 10 akihitaji damu nzima hupewa kama mililita 200. Mfuko mmoja wa mchangiaji una mililita 450. Mwanaume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne, awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Tukajigawa: wanaume mafungu matatu, wanawake manne. Kila mwezi fungu moja la wanaume na moja la wanawake huenda pamoja, na kila mtu humvuta mwenzake mmoja wa nje ya klabu. Tunaopatikana huwa wachache: saba, nane, mara moja tulifika kumi na mmoja. Lakini hakuna mwezi tuliokosa.

Na kwa wanaosema damu hiyo huuzwa: mgonjwa hapaswi kuuziwa damu. Ukitajiwa bei wodini, uliza risiti na upeleke malalamiko kwa uongozi siku hiyo hiyo. Kunung'unika barazani hakumsaidii anayefuata kitandani.

"Klabu hizi ni za matajiri, na ndani yake kuna Freemason"

Hili ndilo limetutesa zaidi. Mama mmoja alimkataza mwanawe kunywa uji wa shuleni kwa kuwa aliambiwa sisi ni watu wa namna hiyo. Hatukubishana naye. Tulimwita jikoni, akaona unga, akaona sukari, akakoroga sufuria mwenyewe, na leo ndiye anayetuwashia kuni.

Klabu yetu si tawi la chama chochote cha kimataifa, ila uvumi huo ulianzia kwa vyama vikubwa, kwa hiyo inafaa kujua vilivyoanza. Rotary ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na watu wanne: mwanasheria Paul Harris, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa madini na fundi nguo. Fundi nguo, kama mimi. Jina, lenye maana ya kuzunguka, lilitokana na kukutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu, kesho ya yule. Moja ya kazi zao za mwanzo kwa jamii ilikuwa kupigania vyoo vya umma katikati ya mji. Lions ilianza mwaka 1917 mjini humo humo, chini ya mtu wa bima, Melvin Jones. Mwaka 1925 Helen Keller, aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwaomba wawe watetezi wa wasioona, na tangu hapo macho yamekuwa kazi yao kubwa. Kiwanis ilianza Detroit mwaka 1915 kama chama cha wafanyabiashara kuinuana, kisha ikaelekea kwa watoto. Mwaka 1994 iliungana na UNICEF kupambana na upungufu wa madini joto, haya haya yanayotiwa kwenye chumvi ya jikoni kwako ili watoto wasidumae akili.

Lawama moja wanastahili. Kwa miongo mingi walikuwa wanaume watupu, na mlango wa wanawake ulianza kufunguliwa mwaka 1987 tu. Watu wakifungiwa nje, lazima watabuni kinachofanyika ndani. Lakini ukitaka kuona walichofanya, kipo hadharani. Rotary ilitangaza vita dhidi ya polio mwaka 1985, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikathibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Miaka 35 ya matone mdomoni mwa watoto, kijiji kwa kijiji, pamoja na serikali na wahudumu wa afya.

Na kuhusu utajiri, Waswahili walishasema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

"Elimu ni bure, shuleni mnafuata nini?"

Ada imefutwa, na ni jambo jema mno. Tangu Januari 2016 mtoto husoma bila ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongezwa hadi cha sita. Lakini ada ni sehemu tu ya gharama. Sare, viatu, madaftari, begi na uji wa saa nne bado viko mikononi mwa mzazi. Mtoto asiye na sare huwa anaacha shule kimyakimya: leo anachelewa, kesho anajificha njiani, mwezi ujao yuko sokoni anabeba mizigo.

Hapa ndipo cherehani yangu inapofanya kazi. Kila mwezi walimu wanatupa majina yasiyozidi sita, nasi tunashona. Jambo moja nililijifunza kwa kukosea: mwaka wa kwanza nilishona kaptula zinazomkaa mtoto sawasawa, zikapendeza, na baada ya miezi minane hazikuvalika. Sasa kila kaptula na kila sketi naacha pindo la inchi tatu lililokunjwa ndani, na kiunoni naacha kitambaa cha kuachia. Mtoto akirefuka nafumua, napiga pasi, nashona upya. Mstari wa zamani huonekana kidogo, lakini nguo inakwenda miaka miwili.

"Chochote ni msaada, mradi kimetoka moyoni"

Tumewahi kuletewa mfuko mzima wa viatu vya mguu wa kushoto. Tumeletewa dawa ya maji ya kikohozi iliyofunguliwa. Aliyetoa hakuwa na nia mbaya, hakuuliza tu. Siku hizi tunampa kila anayetaka kuchangia karatasi yenye vitu vya mwezi huo, tena kwa idadi.

Taulo za kike zinaonyesha vizuri ninachosema. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo mwaka 2004. Tanzania iliiondoa mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Mjadala huo bado haujaisha na mimi niko upande wa kuiondoa, lakini hata zikiwa za bure kabisa, msichana anahitaji maji chooni, mlango unaofungwa, chupi mbili za kubadilisha na mahali pa kutupa. Tulipogawa taulo za kufua katika shule isiyo na bomba, hazikutumika. Tuliporudi na ndoo zenye koki, sabuni na komeo la mlango, ndipo zikaanza kutumika.

"Bila picha, hela imeliwa"

Naelewa shaka hiyo, watu wametapeliwa. Lakini uso wa mtoto akipokea kilo mbili za sukari si risiti. Picha hiyo itabaki mtandaoni mpaka atakapokuwa anatafuta kazi au mchumba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kabla yake Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilishaelekeza kwamba maslahi ya mtoto yatangulie. Sisi tunapiga picha za magunia, madaftari, ndoo. Mweka hazina anasoma hesabu kila kikao, na daftari la risiti hupita mkono kwa mkono. Anayetaka kulikagua aje.

Kwa moyo huo huo, hakuna mwanachama anayekaa peke yake na mtoto chumbani, hata awe mzee wetu tunayemheshimu vipi. Wapo walioona tunawavunjia heshima, wakaondoka. Mtoto akikuambia anadhurika, usimhoji kama polisi: msikilize, kisha piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure. Namba hiyo hiyo hutumika pia Kenya.

"Watoto wa kituoni hawana watu"

Hapa naomba usome polepole, maana hata mimi niliamini hivyo kwa miaka.

Neno lenyewe linatuchanganya. Kwa Waislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yupo. UNICEF nao humhesabu aliyepoteza mzazi mmoja au wote wawili. Mtu akisikia "kituo cha yatima", picha inayomjia ni mtoto aliyebaki peke yake ulimwenguni. Tafiti za nchi nyingi zimekuta kwamba watoto walio wengi kwenye vituo, kiasi cha wanne kati ya watano, wana mzazi mmoja hai au zaidi. Kilichowapeleka pale mara nyingi ni umaskini, ugonjwa, ulemavu, au mama kuolewa kwingine.

Na kituo, hata kiwe kisafi namna gani, hakishiki nafasi ya nyumba. Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 wadogo waliokuwa kwenye vituo. Baadhi walihamishiwa kwa familia za malezi. Waliohamishwa walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotoka kabla ya kufikisha miaka miwili. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia yake. Rwanda ilianza kuwarudisha watoto majumbani zaidi ya miaka kumi iliyopita, na Kenya ilitoa mwaka 2022 mkakati wa miaka kumi wa kufanya hivyo.

Sisemi vituo vifungwe kesho. Wapo watoto ambao nyumbani ndiko kwenye hatari, na wapo walezi wa vituo wanaolala macho kwa ajili yao. Ninachosema ni kwamba gunia la mchele tunalopeleka kituoni, na foleni ya magari Desemba, vinaweza kumvuta mtoto atoke kwa bibi yake kwa sababu tu kituoni kuna wali. Klabu yetu ilipoliona hilo, tulibadili mpango: nusu ya mchango wa mwezi sasa inakwenda kwenye nyumba ambazo afisa ustawi wa jamii ametuonyesha.

Bibi mmoja wa Makorora, hapa hapa Tanga, alimpeleka mjukuu wake kituoni baada ya mguu wake kuvimba akashindwa kupika vitumbua vya kuuza. Mtoto alikaa huko miaka miwili, kilomita chache kutoka kwake. Afisa alipokwenda kuangalia nyumba, alikuta kinachokosekana ni dawa za presha zisizokatika, chuma cha vitumbua kisichotoboka, na mchele wa kuanzia. Uamuzi wa kumrudisha mtoto ulikuwa wa afisa na taratibu zake. Sisi tulinunua chuma. Muuguzi hupita kumpima presha kila mwezi, na mimi hupita Jumamosi ya mwisho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa, bado vya moto."

Safari iliyopita mjukuu alikuwa anakoroga unga kwenye bakuli, na kaptula ya shule imempanda juu ya magoti. Nikamwambia aivue avae nyingine. Nikaikunja kwenye mkoba, na jioni ile ile nikaanza kufumua pindo.