"Kalenda ya Julio": maana yake na ilikotoka

Ukisoma habari za vyuo vikuu vya Hispania miaka ya 1970 utakutana na maneno "calendario juliano". Ukiyatafuta kwenye kamusi utapotea, maana kamusi itakupeleka kwa Julius Kaisari na kalenda yake ya Warumi, ile ya kuongeza siku moja kila mwaka wa nne. Hiyo Wahispania waliiacha tangu Oktoba 1582: walilala tarehe 4, wakaamka tarehe 15. Hii nyingine ni jina la utani, na anayetaniwa ni waziri.

Waziri mwenyewe ni Julio Rodríguez Martínez, mtaalamu wa fuwele kutoka Granada, aliyewahi kuwa mkuu wa Universidad Autónoma de Madrid. Juni 1973 Jenerali Franco, dikteta wa Hispania, uzee ukiwa umemlemea, alimwachia Luis Carrero Blanco uwaziri mkuu. Wizara ya elimu akapewa Rodríguez.

Akaja na lake: mwaka wa masomo wa chuo kikuu, uliozoeleka kuanza Oktoba, sasa uanze Januari na kuisha Desemba. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambako watoto wa shule ya msingi huanza darasa jipya Januari, hapo hakuna ajabu. Ajabu ilikuwa kwenye utekelezaji, kwa sababu walioanza nao ni mwaka wa kwanza peke yao. Kijana aliyemaliza masomo ya sekondari Juni aliambiwa asubiri. Oktoba ilipofika, kaka yake wa mwaka wa pili alibeba madaftari akaenda chuoni. Yeye akabaki nyumbani, miezi mitatu, anahesabu siku.

Wa kumhoji waziri alikuwa nani? Vyama vya siasa vya upinzani vilikuwa marufuku, na mawaziri hawakutokana na kura ya mtu yeyote. Watu wakabaki na kejeli, nayo ilijileta yenyewe: kwa Kihispania, Julio ni jina la waziri, ni mwezi wa Julai, na ndivyo anavyoitwa hata Kaisari. Kwa hiyo ukimsikia Mhispania wa rika hilo akisema alisoma kwa "kalenda ya Julio", anakwambia aliingia chuo Januari 1974.

Ni hao tu. Desemba 20, 1973, ETA, kundi lenye silaha lililotaka uhuru wa Wabasque, lilimuua Carrero Blanco jijini Madrid kwa bomu lililofukiwa chini ya barabara. Gari lake lilirushwa juu hadi likapita paa la jengo la jirani. Mwanzoni mwa Januari serikali mpya ya Carlos Arias Navarro ilimwacha Rodríguez nje, na mrithi wake, Cruz Martínez Esteruelas, akaifuta kalenda. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliingia darasani kwa ratiba ya waziri aliyekwisha kuondoka, masomo yao yakabanwa ili Oktoba waanze mwaka wa pili pamoja na wengine.